Fundi Akibahatisha Akapatia

Swali langu ni hili: fundi akibahatisha, na gari likapona, amekosea?

Najua jibu la haraka la wengi wetu. Gari limepona, sasa shida iko wapi? Mwenye gari alitaka kwenda, anakwenda. Fundi alitaka hela, kapata. Lakini swali hili limenikaa kichwani kwa miezi kadhaa, na kila ninapojaribu kulijibu najikuta nimeanza kumjibia daktari, mwalimu, mchungaji, na mwandishi wa habari kama mimi. Kwa hiyo naomba univumilie, msomaji wa riwaya na mashairi, nikupeleke gereji kwanza. Vitabu tutavikuta hukohuko.

Tuanze na kitu ambacho mafundi wetu wanakiita taimingi. Injini ya petroli ya gari la zamani inaishi kwa miadi. Pistoni inapanda, inakandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na kabla haijafika juu kabisa plagi inatoa cheche. Inatoa mapema kwa sababu moto nao unahitaji muda wa kusambaa. Katika injini nyingi za kabureta, gari likiwa linanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, cheche hutoka takriban digrii 5 hadi 10 za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika kileleni. Mwendo ukiongezeka, nayo inatakiwa iwahi zaidi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 ndani ya dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde, na kila moja ina wakati wake. Zikichelewa, gari linakuwa zito, linakula mafuta, linachemsha. Zikiwahi mno, injini inagonga mlimani kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo.

Kuna miadi ya pili, ya valvu. Hizi zinafunguliwa na kufungwa na kemshafti, ambayo inazungushwa na krenki kwa cheni au mkanda: krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja. Katika magari mengi ya zamani, kemshafti hiyohiyo ndiyo inayozungusha distributa, chombo kinachogawa cheche kwa kila silinda. Ndiyo kusema cheni ikilegea kwa uzee, valvu zinachelewa, na cheche nazo zinachelewa pamoja nazo. Ugonjwa mmoja, nyumba mbili.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Gari zito linalochemsha linaweza kuwa na cheni iliyolegea. Linaweza pia kuwa na pointi zilizolika ndani ya distributa: ule mwanya wao wa karibu nusu milimita ukipungua, cheche inachelewa. Linaweza kuwa na vizito vya distributa vilivyoganda kwa kutu, kwa hiyo cheche haiwahi mwendo unapoongezeka. Linaweza kuwa na kabureta chafu, au rejeta iliyoziba, na taimingi yake ikawa nzima kabisa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao hawakukosea, ila wingu moja linaweza kupita juu ya vijiji vitano na kunyesha kimoja.

Sasa nikusimulie kisa. Iringa kuna mwalimu mstaafu, rafiki wa baba yangu, aliyefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini. Ana Corolla KE70, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo ndiyo inayompeleka shambani na ndiyo inayompeleka mkewe kliniki. Gari likaanza kuchoka. Wanaoijua Iringa wanaijua ile barabara ya kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini. Gari likawa linaipanda kwa gia ya pili huku mshale wa joto nao unapanda. Siku moja likachemsha katikati ya kilima, mama yumo ndani, ameshika kadi ya kliniki.

Fundi wa kwanza alisikiliza injini kwa dakika mbili, akasema, "Plagi hizi, mzee. Na waya zake." Zikabadilishwa. Gari likabaki vilevile. Fundi wa pili akasema ni kabureta, imechoka, haitengenezeki, itafutwe nyingine iliyotumika. Ikatafutwa, ikalipiwa, ikafungwa. Gari likabaki vilevile. Hela ya kabureta hiyo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mbolea ya kukuzia, na ilikuwa Januari. Wanaolima mahindi wanajua maana ya Januari.

Fundi wa tatu alilegeza skrubu ya distributa, akaizungusha taratibu huku injini inanguruma, akasikia sauti inakuwa nyepesi, akakaza. "Tayari, Mwalimu. Ilikuwa taimingi." Kweli gari likapata nguvu. Likapanda kutoka Ipogolo bila kelele. Mwalimu akamsifia kwa kila mtu, akamwita mtaalamu. Wiki tatu baadaye gari likarudi kulekule.

Huyu wa tatu ndiye anayenisumbua. Wale wawili wa kwanza ni rahisi kuwahukumu, walibahatisha wakakosa. Lakini huyu alipatia! Tena hakusema uongo. Alisema ilikuwa taimingi, na ilikuwa taimingi kweli. Sentensi yake ukiipeleka mahakamani inashinda kesi. Tatizo ni kwamba hakujiuliza kwa nini taimingi ilikuwa imechelewa. Kitu kilichokuwa kimekazwa kwa skrubu hakitembei chenyewe.

Plato alilijua jambo hili karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika mazungumzo yake yaitwayo Meno, Sokrates anauliza: mtu anayeijua njia ya kwenda Larissa atawafikisha wenzake, na mtu ambaye hajawahi kuipita, ila amekisia akapatia, si naye atawafikisha? Atawafikisha. Basi ujuzi una faida gani kuliko kisio lililolenga? Jibu lake linatumia sanamu za Daedalus, ambazo zilisemekana kuwa hai kiasi kwamba usipozifunga zinatoroka. Maoni ya kweli ni mazuri yanapokaa, anasema, ila hayakai. Yanatoroka mpaka yafungwe kwa kamba, na kamba yenyewe ni kuijua sababu.

Ukweli wa fundi wa tatu ulikaa wiki tatu, kisha ukatoroka. Cheni iliendelea kulegea, na kule kuzungusha distributa kukawa kumezificha cheche tu. Valvu zilikuwa zimechelewa vilevile. Kwa maneno mengine, tiba yake ilifunika dalili iliyobora zaidi ya zote, ile ambayo fundi wa nne angeitumia.

Fundi wa nne alikuwa mzee kiasi. Aliamkia kwanza, kwa kuwa Mwalimu ni mkubwa kwake, kisha akauliza maswali kabla hajagusa kitu. Ilianza lini? Ilianza ghafla au polepole? Inachoka ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Nani kaigusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Akafungua kifuniko cha distributa, akakuta skrubu imesukumwa hadi mwisho wa tundu lake. Hapakuwa na alama ya mahali ilipokuwa mwanzo. Akashika rota kwa vidole akaizungusha: ilikwenda kidogo ikarudishwa na springi, kama inavyotakiwa. Kisha akachukua spana, akaiweka kwenye boliti ya puli ya krenki, akamwambia mwenye gari, "Mwalimu, wewe angalia hii rota. Ikitikisika tu, sema."

Akaizungusha krenki upande wa kawaida mpaka alama ya puli ikalingana na sifuri. Halafu akaanza kuirudisha nyuma, taratibu. Alama ikasogea. Ikasogea tena. Ikazidi kusogea. Mwalimu kimya, macho kwenye rota, na rota imelala usingizi. Ilipokuja kutikisika, krenki ilikuwa imekwenda digrii nyingi peke yake. Ulegevu huo wote ulikuwa mahali fulani kati ya krenki na distributa, na mtu wa hesabu hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Ni cheni?" akauliza.

"Sijui bado," fundi akajibu. "Nashuku cheni. Inawezekana pia ni meno yanayozungusha distributa. Nikifungua mbele nitajua, na wewe utaona."

Ikafunguliwa, na Mwalimu akaona. Cheni ilikuwa inaning'inia, na kile kikazio chake kimelika. Kipimo kile kilichukua labda nusu saa na hakikuhitaji hata senti ya spea. Spana moja, macho mawili, na subira. Kingeweza kufanyika siku ya kwanza, kabla ya plagi, kabla ya kabureta, kabla ya mahindi kugeuka rangi ya manjano kwa kukosa mbolea.

Robert Pirsig ana kisa cha jamaa hiyohiyo katika *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance*, kitabu cha mwaka 1974. Msimulizi anapeleka pikipiki yake kwa mafundi vijana wenye redio inayopiga kelele, wanaifumua na kuifunga tena na tena, wanaiharibu, na mwishowe yeye mwenyewe anagundua kwamba mkosaji alikuwa pini ndogo ya senti 25 iliyokatika ndani ya mfumo wa oili. Kinachomsumbua Pirsig ni kwamba mafundi wale walikuwa kama watazamaji wa kazi yao wenyewe. Hawakuwa na chuki, wala hawakuwa wajinga sana. Hawakujali tu kama wanachosema kina uhusiano na kilichomo ndani ya injini.

Lakini kutojali ni dhambi ya aina gani, kama hakuna aliyeumia? Tumrudie yule aliyepatia. Tuseme cheni ingekuwa nzima, distributa ilikuwa imelegea skrubu tu, na tiba yake ikadumu miaka kumi. Je, angekuwa na kosa?

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford, mtu wa hesabu kama Mwalimu wetu, aliandika insha inayoitwa "The Ethics of Belief". Anatupa mwenye meli. Meli imezeeka, imewahi kutengenezwa mara nyingi, na moyoni mwake mwenye meli ana wasiwasi nayo. Lakini kuikagua ni gharama. Basi anajituliza: imesafiri salama mara nyingi, Mungu atawalinda hawa wahamiaji na familia zao. Anaamini kweli, kwa dhati. Meli inaondoka na kuzama katikati ya bahari, naye anapokea fidia ya bima. Ana hatia, anasema Clifford, na wote tunakubali. Kisha anageuza kisa: tuseme meli haikuzama, ikafika salama safari hii na nyingine nyingi. Hatia imepungua? Hata kidogo, anasema. Alikosa haki ya kuamini alichoamini pale alipoamini, na kufika kwa meli hakumpi haki hiyo kwa nyuma. Bahati imemfichia kosa lake tu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilimpigia Clifford makofi. Sasa naona anahitaji kupunguzwa kasi kidogo, na aliyempunguza kasi ni Mmarekani William James, katika mhadhara wake wa 1896, "The Will to Believe". Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba yapo maamuzi ambayo hayakungoji. Kuna nyakati kusubiri ushahidi ni uamuzi tayari, na pengine ndio uamuzi mbaya kuliko yote.

Jambo hili linajulikana barabarani. Gari limekufa usiku kwenye mlima Kitonga, kuna mtoto mgonjwa kiti cha nyuma, taa ni ya simu na chaji imebaki kidogo. Fundi aliyeombwa kwenye lori lililosimama hana taa ya kupimia taimingi, hana nafasi ya kufungua mbele. Anabahatisha. Anageuza distributa kidogo, anasikiliza. Nani atamlaani? Mimi namshukuru. Lakini sikiliza anachosema fundi mwema wa Kitonga: "Nabahatisha, mzee. Hii huenda ikawafikisha Ilula. Asubuhi mtafute mtu aiangalie vizuri."

Tofauti yake na yule wa Iringa mikono haiwezi kuionyesha, kwa sababu mikono ilifanya kitu kilekile. Iko mdomoni. Mmoja alimwambia mwenye gari kwamba hapa tumefika kwa kukisia. Mwingine aliuza kisio kwa bei ya ujuzi, na mnunuzi, asiyeweza kutofautisha bidhaa hizo mbili, akaacha kutafuta. Hapo ndipo naona kosa lilipo. Kubahatisha kwenyewe ni sehemu ya kila kazi. Hata fundi wa nne alianza kwa kushuku. Kosa ni kubahatisha kwa fedha ya mwenzako bila kumwambia kwamba ni bahati nasibu na yeye ndiye aliyenunua tiketi. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo, amekosea, hata kama gari lingedumu miaka kumi. Amemnyima mtu mzima taarifa ambayo ilikuwa yake.

Hata hivyo nisiwarushie mafundi mzigo wote. Mwalimu alipolipa ile nusu saa ya fundi wa nne, kijana wake mkubwa alinung'unika: "Yaani analipwa kwa kuangalia?" Hii ndiyo sauti yetu. Tunalipia kinachoshikika. Plagi tunazilipia kwa sababu zinakuja kwenye boksi; kabureta tunailipia kwa sababu ina uzito. Kufikiri hakuna boksi. Ukimwambia mteja "nipe nusu saa nitafute, na hiyo nusu saa ina bei yake," anaondoka kwenda kwa fundi aliye tayari kusema neno moja kwa sauti ya uhakika. Sasa mwenye watoto wa kulisha afanye nini? Tumejenga soko ambamo "sijui bado" inamfukuza mteja na uongo wa uhakika unamleta, kisha tunashangaa kwa nini kila fundi ana uhakika.

Katika chumba cha habari tunayo distributa yetu, inaitwa "inadaiwa". Ni neno zuri likitumiwa kama fundi wa Kitonga anavyolitumia: msomaji, hapa hatujathibitisha, tembea kwa tahadhari. Lakini neno hilohilo linaweza kugeuzwa pazia. Habari ina chanzo kimoja, saa ya mwisho imefika, mhariri anaisubiri, basi "inadaiwa" inawekwa katika aya ya tatu, na kichwa cha habari kinapiga kelele kana kwamba hakuna shaka yoyote duniani. Habari ikija kuwa ya kweli, tunapongezana. Clifford angetutazama tu. Kupatia hakujatuambia kama tulikuwa na haki ya kusema.

Nilichojifunza kwa fundi yule wa nne ni kidogo na kinabebeka. Kwanza, anza na kipimo cha bei nafuu ambacho hakiharibu kitu, ndipo uende kwenye cha ghali. Pili, mfanye mwenye mali awe shahidi. Aone rota kwa macho yake, ili asilazimike kuamini cheo chako. Tatu, na hili ndilo nalipenda zaidi: kabla hajalegeza kitu chochote, alikwaruza mstari mdogo kwa bisibisi, nusu kwenye distributa na nusu kwenye bloku ya injini. Nikamuuliza Mwalimu, ule mstari wa nini? Akaniambia fundi alimwambia ni njia ya kurudi. Ukikosea, unarudisha mistari ilingane, na hali inakuwa kama ulivyoikuta.

Anayekiri kwamba anaweza kukosea huacha alama. Anayejiona hawezi kukosea haoni sababu ya kuiacha, na akikosea anamwachia anayekuja baada yake injini isiyo na historia. Hili linamhusu daktari anayeandika au asiyeandika dawa alizojaribu, mwalimu anayemwita mtoto mzito wa kichwa bila kupima macho yake, mhakiki anayeamua kitabu ni dhaifu kwa kusoma kurasa arobaini. Nao wanaweza kupatia. Wengi wao hupatia.

Kwa hiyo safari ijayo mtu akikuambia kwa uhakika kilichoharibika, iwe kwenye gari lako, mwilini mwako au nchini mwako, muulize neno moja: umejuaje? Uliza kwa heshima, kwa sababu huenda amejua kweli. Akikujibu "sijui bado, nipe nusu saa," mpe hiyo nusu saa. Na uilipie.